Mama tsetse: mbegu ya siku moja, watoto wa maisha yote

Krezeri mwenye anaosha kasiterite ku kamto anajua inzi mumoja mwenye kofi haimutoshe. Anakuja kimya, chini chini, anatua ku mugongo ao nyuma ya goti, na wakati unasikia uchungu, yeye amekwisha kushiba. Akipumzika ku muti, mabawa yake yanalala moja juu ya ingine, sawa makasi yenye imefungwa. Ule njo tsetse. Wandugu zetu wa Tanzania na Kenya wanamuita mbung'o. Watu wengi wanawaza kama ni jike tu njo anauma, sawa vile kwa mbu. Hapana. Kwa tsetse dume anauma, jike anauma, na wote wawili chakula chao ni damu.

Ku ukurasa huu tunasemaka sana juu ya bei ya kilo, barabara ya Kindu na masomo ya watoto. Leo tunaomba wasomaji waingie pamoja na sisi ndani ya tumbo la mama tsetse. Haiko mambo ya mchezo. Ni pale, ndani ya vifuko viwili vyenye ni vidogo kupita kichwa cha sindano, kuko nguvu ya huyu mududu, na kuko pia mulango wa kumumaliza.

Tuanze na hesabu. Inzi wa nyumbani, ule wa ku choo na ku samaki, anataga mayai mamia. Mbu vilevile. Wanazaa wengi, wanakufa wengi, na bado wanabaki wengi. Mama tsetse alifuata njia ingine: anabeba mimba. Yai halitoke inje. Linapasukia ndani, mutoto anakomalia ndani, anakunywa maziwa ndani, na siku ya kuzaliwa anatoka mukubwa, mumoja peke yake. Katika maisha yake yote mama mumoja anaweza kuzaa watoto 6 ao 8, na mwenye bahati anafika 10 hivi. Wamama wengi wa Kailo wamezaa karibu vile vile.

Ukimupasua chini ya mikroskopi (kuko watu wenye kazi yao ni ile, na mukono wao hautetemeke), unaona kwanza ovari mbili, moja kuume, moja kushoto. Kila ovari iko na vijia viwili vya kutengeneza mayai. Jumla inafanya vine. Sasa, ile mifereji mine haifanye kazi pamoja. Inapokezana, na mupango haubadilike: moja inakomesha yai, zingine zinangojea zamu yao. Kisha zamu inahama kuume kwenda kushoto, na inarudia. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wanatumia mupango huo kwa kusoma umri wa inzi. Wanaangalia kila kijia kiko na alama gani, na wanajua mama huyu alishuka yai mara moja, mara tatu, ao mara saba. Kwa inzi mwenye hana meno ya kuhesabu, ni kalendari muzuri.

Yai likikomaa linashuka katika nyumba ya mutoto, kifuko kimoja chenye nyama nguvu chenye kinaweza kujitanua sana. Na hapo juu, ku mulango wa ile nyumba, njo kuko kitu chenye tulikuja kutafuta: vipira viwili vya rangi ya kahawia nzito, vigumu sawa mbegu ya pilipili lakini vidogo mara nyingi kupita hiyo. Kila kipira kiko na mufereji wake mwembamba wenye unashuka mpaka ndani ya nyumba ya mutoto. Ile ni gala. Mbegu za dume zinawekwa pale.

Mambo inapita hivi. Jike akiwa bado kijana, siku za kwanza za maisha yake, anakutana na dume, mara nyingi karibu na mutu ao munyama mwenye wote wawili wanafuata kwa kunywa damu. Dume anamushika, na hawaachane haraka: kwa jamii nyingi za tsetse ni saa moja mpaka mbili, kwa zingine ni dakika makumi mawili ao makumi matatu. Dume anaacha mbegu ndani ya nyumba ya mutoto, zimefungwa katika pakiti moja ya ute mugumu. Kutoka pale mbegu zinapanda ndani ya mifereji miwili mpaka zinajaza vile vipira. Siku yenye inafuata, pakiti tupu inaanguka inje. Kazi imekwisha.

Na kwa kawaida imekwisha kabisa. Mama tsetse mwenye vipira vyake vimejaa anakataa madume wengine: anapiga mateke, anapinda tumbo, anaruka. Mbegu za siku ile moja zinabaki nzima ndani ya gala, juma kwa juma, mwezi kwa mwezi, mpaka kufa kwake. Kuzunguka kila kipira kuko seli zenye zinatoa maji maji yake ndani. Kila wakati yai jipya linashuka, linakaa na kichwa mbele, na pale ku kichwa kuko katundu kadogo kabisa. Katundu kale kanajiweka sawasawa chini ya mulango wa ile mifereji miwili. Mama anafungua, anatoa mbegu kidogo tu, anafunga. Mutu mwenye anaweka unga wa mwaka muzima katika nyumba anaelewa ile akili.

Tsetse hayuko peke yake na desturi hii. Malkia wa nyuki anafanya vile, na malkia wa siafu pia, lakini wale wanapokea madume wengi. Kuko hata munyama mumoja wa ajabu katika pori la Gabon na la Kongo ya ng'ambo, mwenye mwili laini sawa kitambaa ya velur, miguu mifupi mingi, anatembea usiku ndani ya miti yenye imeoza na anatemea chakula chake ute wa kunata. Jina lake leo ni Mesoperipatus tholloni, na lile neno tholloni alipewa na Mufaransa Bouvier ku mwaka 1898. Yeye pia hatagi, anazaa watoto wazima. Na ku Afrika ya Kusini, katika ukoo ule ule, kuko dume mwenye anabandika pakiti ya mbegu ku ngozi ya jike, pahali popote, mugongo ao ubavu, ngozi inafunguka chini yake, na mbegu zinaogelea ndani ya damu mpaka zinafika ku ovari. Kusema kweli, ukisikia ile, njia ya tsetse inaonekana ya heshima.

Turudi kwa mama wetu. Yai linakaa siku 3 ao 4, linapasuka, na buu mweupe anatoka, bado ndani. Tezi moja ya mama, yenye matawi matawi kupita ndani ya tumbo lote, inaanza kutoa maziwa. Haya ni maziwa ya kweli, yenye mafuta na protini. Ndani yake kuko pia bakteria moja yenye jina Wigglesworthia, yenye mama anapatisha mutoto wake, juu damu peke yake haina vitamini zote. Ku laboratwari walijaribu kuua ile bakteria kwa antibiotiki: mama alibaki na uzima, lakini hakuzaa tena.

Kufika siku ya 9 ao ya 10, buu iko na uzito sawa na mama yake. Wamama wasomaji, tafazali mufikiri: mutu wa kilo 60 anazaa mutoto wa kilo 60, na nyuma ya siku chache anabeba ingine. Anatafuta udongo laini wa kivuli, karibu na maji, chini ya muti wenye umeanguka ao ku ukingo wa mto, na anasukuma. Buu hana miguu, hana kinywa cha kuuma, lakini anazama ndani ya muchanga yeye mwenyewe, anakuwa mweusi na mugumu sawa kokoto, na anangojea karibu mwezi mumoja mbele ya kutoka inzi mwenye mabawa. Wakati wote huo mama alikwisha kumusahau.

Zanzibar walitega dume

Sasa wasomaji wameshaona mulango. Kama jike anapokea mbegu mara moja tu, na anaziweka maisha yote, itakuwa namna gani kama mbegu za siku ile ni mbovu?

Ku Tanganyika, ndani ya miaka ya 1940, Mwingereza Vanderplank alijaribu hivi huko Shinyanga: alileta tsetse wa jamii moja pahali pa jamii ingine. Wale walioana, lakini wazao wao hawakuweza kuzaa sawasawa, na inzi wa pahali pale walipunguka. Wazo lilikuwa la kweli, lakini lilingojea miaka makumi mine na zaidi mbele ya kufanyika kwa ukubwa.

Ile ilifanyika ku kisiwa cha Unguja, Zanzibar, chenye upana wa kilometa za mraba karibu 1,600. Tsetse wa pale, Glossina austeni, alikuwa anaua ngombe na ugonjwa wa nagana. Serikali ya Tanzania na ya Zanzibar ilishirikiana na Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki. Kwanza walipakaa ngombe dawa ya wadudu na wakaweka vitambaa vya bleu vyenye dawa, ili inzi wapunguke. Kisha, ku muji wa Tanga, walifuga tsetse kwa mamilioni, wakiwapa damu ya ngombe kupitia ngozi ya silikoni. Madume waliwapitisha mbele ya miale ya atomi. Miale haikuua dume. Iliharibu tu kile chenye mbegu zinabeba ndani. Dume alibaki na nguvu ya kuruka, ya kutafuta jike, ya kumushika, na ya kujaza vile vipira viwili mpaka juu.

Kuanza Agosti 1994 mpaka Desemba 1997, ndege ndogo ilikuwa inapita juu ya kisiwa na kuangusha masanduku ya madume. Jumla ilipita milioni 8. Jike wa pori mwenye alikutana na dume wa Tanga alijaza gala yake na mbegu za bure. Alikataa madume wengine sawa kawaida. Yai lilishuka, likapata mbegu, likafa. Yai la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Mama alikuwa na afya, alikunywa damu, na hakuzaa hata mutoto mumoja.

Namna gani walijua kama kazi inaenda? Kwa kupasua. Waliangalia ovari za majike wenye walishikwa ku mitego: ovari ikionyesha kama mayai yameshashuka mara kadhaa, na nyumba ya mutoto iko tupu, walijua kama huyu alipata dume wa sanduku. Tsetse wa mwisho wa pori alishikwa ku mwanzo wa Septemba 1996. Mitego ilibaki kufanya kazi kisha, na haikuleta kitu tena.

Unaweza kuuliza juu ya nini ile ndege haipite juu ya Maniema. Jibu ni bahari. Unguja imezungukwa na maji ya chumvi, na hakuna inzi mwenye atavuka kutoka inje. Huku kwetu kuko Lualaba, kuko Elila, kuko vito vyenye jina na vyenye havina, na kila moja iko na kivuli chake. Ukisafisha upande huu, tsetse wa upande ule wanaingia juma lenye linafuata. Tena kuko jambo lingine: ku Uganda watafiti walionyesha ku mwaka 2011 kama majike wengi wa Glossina fuscipes, wa ukoo wenye unapenda mito sawa wa kwetu, walikuwa na mbegu za dume zaidi ya mumoja ndani ya vipira vyao. Ile sheria ya mara moja iko na wavunjaji. Mwenye anatega dume mubovu lazima ahesabu ile.

Kitambaa ku ukingo wa mto

Lakini ule uzazi wa pole pole, mutoto mumoja kila siku 9 ao 10, hauna wavunjaji. Njo kwa pale Kongo yetu ilipitia. Wataalamu wanahesabu kama ukiua majike 4 kwa 100 kila siku, juu ya wale wenye wanakufa wenyewe, na wengine hawaingie kutoka inje, ukoo wote unakwisha. Mbu ungemufanyia vile angekucheka. Tsetse haweze kurudisha ile hasara, hakuna namna: gala imejaa mbegu, lakini nyumba ya mutoto iko moja.

Ku Yasa Bonga, katika jimbo la Kwilu, tangu 2015 wanaweka vitambaa vidogo ku ukingo wa mito. Kila kimoja kiko na sentimeta 25 kwa 50: nusu ni kitambaa ya bleu, nusu ni neti nyeusi, na yote iko na dawa ya wadudu. Bleu inavuta inzi kutoka mbali, neti hamuone, anagonga, anakufa. Tsetse wa pale walipunguka zaidi ya asilimia 80. Hakuna ndege, hakuna atomi, ni mutu na pirogi na vijiti.

Pale tunafika ku ovaroli. Wachimbaji wengi wanapenda bleu ya kazi ao jini nzito. Ni nguo nguvu, tunaelewa. Lakini ku kamto ya kivuli, mutu wa bleu anasimama sawa kile kitambaa cha Yasa Bonga, bila dawa. Nguo ya rangi ya udongo ao ya majani yenye imekauka inavuta kidogo. Na ikuwe nene, juu mudomo wa tsetse unapita katika shati nyepesi.

Tena kambi ya wachimbaji inamupa mama tsetse kila kitu chenye anatafuta. Maji iko, kivuli iko, udongo wenye umechimbwa ni laini sawa vile anapenda kwa kuweka mutoto, na damu inakuja yenyewe kila asubui. Nguruwe zikifungwa karibu na mto, inakuwa zaidi, maana tsetse wa mito wanapenda sana damu ya nguruwe. Kufyeka miti midogo pahali pa kuoshea na pa kuteka maji ni kazi ya siku moja, na mama anakosa kivuli.

Kile chenye anabeba

Inzi tu haingetusumbua hivi. Ni kile chenye anatoa kwa mutu mumoja na kupeleka kwa mwingine: mududu wa ugonjwa wa kulala. Mwenye alimupa jina ni daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, ku 1902, nyuma ya kumuona katika damu ya mutu huko Gambia. Ku 1903 alikuja Kongo pamoja na mwenzake Todd kwa kufuata ugonjwa huu. Alipanda mto mpaka kwetu Maniema, na alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Haikuwa tsetse. Ilikuwa homa ya kimputu, yenye alikuwa anachunguza vilevile.

Ugonjwa unaingia pole pole. Miezi, hata miaka, ni homa ya kwenda na kurudi, kichwa, viungo, tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Mutu anakunywa dawa ya malaria, anapata nafuu, inarudia. Kisha mududu anaingia ku ubongo: muchana analala ku chakula, usiku anatembea, anakasirika bila sababu, anaongea maneno yenye haiko yake. Na hapa kuko jambo lenye familia zinaficha. Mwanamuke anaweza kukosa siku zake, ao mimba inatoka. Mwanaume anakosa nguvu ya ndoa. Mama mwenye mimba anaweza kupatisha mutoto ugonjwa. Inzi mwenye uzazi wa hesabu hivyo anavuruga uzazi wa watu, na ku muji wanatafuta mulozi.

Ku 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000. Leo ni mamia kwa mwaka, juu ya ekipe zenye zinatembea na mikroskopi, juu ya vitambaa, na juu ya dawa. Dawa ya zamani, melarsoprol, ilikuwa na sumu ya arseniki: iliunguza mushipa, na kwa wagonjwa 100 iliua karibu 5. Tangu mwisho wa 2018 kuko feksinidazole, vidonge vya siku 10 vyenye mutu anameza nyuma ya kula. Kula kwanza, maana ku tumbo tupu dawa haiingie sawasawa ku damu.

Ekipe za PNLTHA zikifika, zinatoa damu kidogo ku kidole. Kama damu inaonyesha alama, wanachoma tezi ya shingo na sindano na kutafuta mududu mwenyewe chini ya mikroskopi, anaonekana akipinda pinda kati ya chembe za damu. Dawa inatolewa bure. Krezeri mwenye amehama kutoka shimo moja kwenda lingine aseme wapi alikaa mwaka huu na mwaka wenye umepita, hata kama ni kambi ndogo yenye haina jina, juu ekipe inarudi pale kuangalia wenzake.